Silabusi ya CT na Ramani ya Ukurasa 112

Aliyesoma Bukavu anawajua watu watatu wa kisa hiki, ingawa nimewatunga mwenyewe na sikuwapa majina: CT anayeuza silabusi, CP, yaani chef de promotion, kiongozi wa darasa, anayemkusanyia pesa, na mama mwenye mashine ya fotokopi pale mtaa wa Nguba. Wa nne huenda hamjui, kwa sababu huyo anakaa nyumbani na kitabu chake kimejaa kwenye makartoni.

CT, yaani chef de travaux, ni mtu aliyekwisha kuvuka ngazi ya assistant na bado anautafuta uprofesa. Huyu wetu alifundisha jiografia ya Kivu, na alikuwa mwalimu mzuri. Nalisema hilo mapema, maana tumezoea kudhani kwamba anayeiba maandishi ya mwenzake lazima awe hajui kazi. Yeye aliweza kusimama mbele ya wanafunzi mia mbili bila kipaza sauti, akawaeleza kwa nini nyumba za Funu huteleza mvua zikizidi, na aliyekaa nyuma kabisa akamwelewa. Shida yake ilikuwa mfukoni. Katika vyuo vyetu wapo wanaofundisha miaka mingi kabla majina yao hayajaingia kwenye orodha ya mishahara ya serikali, na walioingia nao hungoja. Silabusi ndiyo inayolipa kodi ya nyumba.

Mwaka huo alitoa silabusi ya kurasa 64. Jalada la bluu, jina lake juu kwa herufi kubwa, na kwenye ukurasa wa pili onyo kali: ni marufuku kutoa kopi bila ruhusa ya mwandishi. Bei ilikuwa dola 10. Wizara ya elimu ya juu imekwisha kukataza kuwalazimisha wanafunzi kununua silabusi, lakini katazo hilo huko ukumbini lina njia zake za kuzungukwa. Hakuna aliyesema ni lazima. CP wa promosio alipewa tu orodha ya majina yenye safu ya "amelipa", na kila mwanafunzi alijua orodha hiyo itasomwa na nani siku za kusahihisha mitihani.

Sasa tuifungue silabusi yenyewe. Kati ya zile kurasa 64, kurasa 51 zilitoka kwenye kitabu kimoja cha mwalimu mmoja mzee, mstaafu, mkazi wa Nguba hapo hapo. CT alikuwa amekibeba kitabu hadi kwenye sekretaria ya barabarani, moja ya vile vyumba vyembamba vinavyofuatana kwenye barabara iendayo mpaka wa Ruzizi: kompyuta mbili, printa, mashine ya fotokopi, na jenereta ndogo mlangoni kwa ajili ya saa ambazo SNEL, shirika la umeme, imekata. Alimwachia mama mwenye mahali agizo fupi. Chapa kutoka hapa hadi hapa. Ramani ziruke, zinakula wino.

Binti wa kompyuta alichapa kama alivyoambiwa. Alichapa kwa uaminifu kabisa, na uaminifu huo ndio uliokuja kumwangusha CT.

Wanafunzi wengine hawakuwa na dola 10. Wakamwendea CP, na CP, kijana mwenye akili ya biashara, akapiga hesabu. Kopi ni faranga 100 kwa ukurasa; kurasa 64 ni faranga 6,400, dola mbili na kidogo. Alirudi kwa mama yule yule wa Nguba, akatoa kopi arobaini bila jalada la bluu, akaziuza kwa dola 5. Mwenye shida akashukuru, CP akapata chake. Kabla juma halijakwisha, silabusi ilikuwa imepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kuingia kwenye kundi la WhatsApp la promosio, na hata wale wa dola 5 wakaanza kujuta.

CT alipoingia ukumbini na kuona karatasi nyeupe mezani badala ya bluu, hakufundisha siku hiyo. Alishuka Nguba moja kwa moja.

"Mama, nani amekuruhusu kutoa kopi ya kazi yangu?"

"CT, si wewe ndiye uliyeileta hapa?"

"Niliileta mimi kwa kuwa ni yangu. Yule kijana si yake."

"Unisamehe, CT. Mimi hapa karatasi inaingia, karatasi inatoka. Siulizi mwenyewe ni nani."

Jibu la mama lilimpandisha hasira zaidi. Akaandika barua ya mashtaka kwa SGAC, katibu mkuu wa masomo wa chuo, akimtaja CP kuwa mwizi wa mali ya akili. Kwenye barua hiyo alitaja sheria ya Kongo ya tarehe 5 Aprili 1986 inayolinda haki za waandishi, iliyotolewa enzi za Mobutu nchi ikiitwa Zaire, na ambayo ingali na nguvu. Alitaja pia kwamba nchi yetu imo katika Mkataba wa Berne tangu 1963. Yote hayo ni kweli. Wanafunzi wake walishangaa baadaye kwamba mtu aliyeifahamu sheria vizuri hivyo hakuwahi kujiuliza inamhusu vipi yeye. Mimi sishangai. Sheria ya mali husomwa kwa makini zaidi na anayejiona ameibiwa.

Kamati ilikaa watu watano. SGAC akaomba silabusi ya asili ya jalada la bluu ilinganishwe na zile kopi. Akaanza kusoma kwa sauti, pole pole, ili mwandishi wa kumbukumbu amfuate. Akafika ukurasa wa 23.

"'Tazama ramani, ukurasa 112.' CT, silabusi yako ina kurasa ngapi?"

"Sitini na nne, SGAC. Hilo ni kosa la kuchapa."

Akaendelea. Ukurasa wa 31 akasimama, akavua miwani, akaivaa tena.

"'Nilipolipima korongo hili kwa mara ya kwanza mwaka 1979, upana wake...' CT, wewe umezaliwa mwaka gani?"

CT alizaliwa 1984.

Hakuna aliyecheka. Mjumbe mmoja, mwanamke anayesimamia maktaba, alitoka bila kuaga, na baada ya robo saa akarudi na kitabu cha yule mzee. Ukurasa wa 112 ulikuwa na ramani ya makorongo yanayoteremkia mto Kawa, imechorwa kwa mkono.

Hapo kesi iligeuka, na hapo ndipo nataka tukae kidogo. Mbele ya kamati palikuwa na vitendo vitatu vya kunakili ambavyo kwa macho ni kimoja, maneno yale yale na kurasa zile zile. Lakini kila kimoja kina hukumu yake.

CT alijitetea kwa neno ambalo walimu wengi hulitoa mfukoni: ni kwa ajili ya elimu. Alisema amesoma kwamba Marekani kuna kitu kinachoitwa matumizi ya haki, kwamba mwalimu anaruhusiwa kutoa kopi kwa darasa lake. Alikuwa amesoma nusu. Ni kweli sheria ya Marekani ya 1976 inayataja mafundisho, hata kopi nyingi za darasani, kati ya mambo yanayoweza kuwa matumizi ya haki. Lakini inamtaka hakimu apime mambo manne: kopi ni ya nini, na je, kuna biashara ndani yake, kazi iliyonakiliwa ni ya aina gani, imechukuliwa kiasi gani, na soko la kitabu limeumia vipi. Mwaka 1991 mahakama moja ya New York ilizipima hivyo kopi za duka la Kinko's, lililokuwa likikusanya sura za vitabu na kuwauzia wanafunzi wa vyuo kama vifurushi vya masomo. Wachapishaji wanane walishtaki. Duka likaamriwa kulipa fidia ya dola 510,000. Ukisoma hukumu hiyo ukiwa Nguba, unamwona mama wa fotokopi amesimama kizimbani.

Tusimalizie hapo, kwa sababu kuna Delhi. Mwaka 2012 wachapishaji watatu wakubwa, wakiwemo Oxford na Cambridge, walikishtaki kibanda cha fotokopi kilichokuwa ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Delhi, pamoja na chuo chenyewe, kwa vifurushi vya namna ile ile. Wasomi wakapinga kesi hiyo, akiwemo Amartya Sen, wakisema wanafunzi wa India hawana uwezo wa kununua vitabu vyote hivyo. Septemba 2016 mahakama kuu ya Delhi ikawakatalia wachapishaji: sheria ya India inaruhusu kunakili katika shughuli ya kufundisha, na kibanda kilikuwa kinatumikia shughuli hiyo. Mwaka uliofuata wachapishaji wakaiondoa kesi. Mashine ni zile zile, mafundisho ni yale yale, hukumu mbili tofauti. Ruhusa ya elimu haielei hewani. Imefungwa kwenye sheria ya nchi, na anayetaka kuitegemea aisome ya nchi anayofundishia.

Ya kwetu, kwa mila iliyotoka Ufaransa na Ubelgiji, haina mlango mpana kama ule wa Marekani. Inataja ruhusa moja moja. Iliyo wazi zaidi ni ya kunukuu: vipande vifupi, kwa ajili ya kufundisha, kuhakiki au kuarifu, mradi utaje mwandishi na kitabu ulipotoa. Mkataba wa Berne unasema vile vile kuhusu kunukuu, na unaziachia nchi nafasi ya kuruhusu kazi za watu zitumike kama mifano katika mafundisho, kwa kiasi kinachofaa, jina la mwandishi likitajwa pale lilipo. Sharti la jina linarudi katika zote mbili.

Hata Delhi lilikuwepo, kimya kimya. Zile sura kwenye vifurushi zilikuwa sura za waandishi wake. Mwanafunzi aliyefungua kifurushi alijua anamsoma nani. Hakuna profesa aliyeweka jina lake mwenyewe juu ya sura za watu. Kwa hiyo CT wetu hakuwa na pa kukimbilia, si New York wala Delhi. Kurasa 51 kati ya 64 si nukuu fupi, dola 10 si mafundisho, na jalada la bluu lenye jina lake lilikuwa ni kosa jingine kabisa, tofauti na kunakili. Haki ya kutambuliwa kwamba kazi ni yako haiuzwi wala haihamishwi. Mzee angeweza kumwuzia mtu ruhusa ya kuchapa kitabu chote, na bado jina lingebaki lake.

CP naye alisimama akidhani ameokoka. Alisema: kama silabusi ni ya wizi, basi mimi sijamwibia CT kitu. Mjumbe wa maktaba akamjibu kwamba hesabu yake ina kasoro mbili. Kurasa 13 zilizobaki CT aliziandika mwenyewe, na notisi za mwalimu, hata zikiwa zimechapwa sekretaria na kubanwa kwa pini, ni kazi inayolindwa tangu zinapoandikwa. Na zile 51 alimwibia mzee, kama mwalimu wake alivyomwibia, akazipeleka sokoni kwa nusu bei. Kumsaidia asiye na uwezo ni jambo jema. CP alijilipa karibu dola tatu kwa kila wema.

Na wale wanafunzi walionunua kwa CP, au walioipata kwenye simu? Sheria za nchi hazifanani kuhusu kopi ya mtu mmoja ya kujisomea. Ila swali linalorudi karibu kila mahali ni hili: kopi hiyo imechukua nafasi ya kitabu sokoni? Aliyetoa kopi ya kurasa kumi za maktaba ili ajiandae na mtihani hajamwumiza mtu. Promosio nzima yenye kitabu chote kwenye simu imemwumiza, hata kama hakuna hata mmoja aliyepata faida. Kamati haikuwaadhibu, na nadhani ilifanya vizuri. Walikuwa wamedanganywa kuhusu mwandishi, na kuhusu kitabu kilichokuwepo.

Maana kitabu kilikuwepo. Kamati ilimwita mzee kesho yake. Alifika kwa miguu na fimbo yake, akaketi, akapewa silabusi. Aliisoma muda mrefu bila neno. Kila mtu alingoja aseme juu ya jina. Akauliza:

"Ramani ziko wapi?"

"Hazikuwekwa, Mzee," SGAC akasema.

"Mmewafundisha watoto makorongo ya Bukavu bila ramani?"

Akageuza ukurasa, akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Kitabu chake kilisema kwamba tabaka lile la udongo lina kina cha mita 1,5. Binti wa sekretaria alikuwa ameruka mkato, na silabusi ikasema mita 15. Wanafunzi mia mbili walikuwa wamekariri mita 15, na baadhi yao ndio watakaokuwa walimu wa shule za sekondari za Kabare na Walungu. Kama silabusi ingetaja kitabu, mmoja wao angeweza kwenda maktaba akagundua. Kwa kuwa haikukitaja, hakuna aliyekuwa na mahali pa kuhakikisha. Mimi naona mkato ule ni hasara kubwa kuliko dola zote zilizozungumzwa siku hiyo, maana pesa zilirudishwa na mita 15 bado zinatembea.

Baadaye ndipo mzee aliposema habari za pesa. Alichapisha kitabu kwa gharama yake, kwa pesa za uzeeni, nakala 500. Makartoni yalikuwa yamejaa kwenye chumba cha wageni, nakala 340 ndani yake, na mkewe alikuwa amechoka kuyapita. Bei ya kitabu ilikuwa dola 8.

Dola 8, pamoja na ramani. CT aliinamisha kichwa pale, na si aliposomewa mwaka 1979.

"Nyumba yangu si mbali na ile sekretaria," mzee akamwambia. "Ungemtuma hata mtoto. Sura ya maporomoko ningekupa bure, uwape wanafunzi wako. Jina tu ungeliacha."

Mzee hakwenda mahakamani. Kunakili bila ruhusa kwa ajili ya kuuza ni kosa la jinai kwa sheria yetu, na angeweza kushtaki. Lakini wakili anagharimu, safari za palais de justice zinachosha, na kule SOCODA, shirika la haki za waandishi lililorithi kazi ya SONECA, wanaosikika zaidi ni wanamuziki. Chuo ndicho kilichoamua. CT alirudisha pesa na kunyang'anywa somo lile kwa muhula mmoja. CP alirudisha za kwake na promosio ikachagua CP mwingine. Maktaba ilinunua nakala 20. Mama wa Nguba hakuguswa, ingawa mashine yake ndiyo iliyofanya kazi zote mbili, na kwa sheria kali naye ana la kujibu. Aliitwa tu, akaelezwa. Alisikiliza, akauliza swali moja ambalo kamati haikuwa na jibu lake: "Sasa mtu akija na karatasi, mimi nitajuaje kwamba ni yake?"

Hawezi kujua. Anayejua ni mwalimu anayempelekea. Kwa hiyo ninyi mnaotayarisha masomo ya mwaka ujao, fundisheni yaliyomo kwenye kitabu cha mtu kwa maneno yenu, kwa kuwa mawazo na habari hazina mwenyewe; mkihitaji maneno yake, nukuuni kidogo na mtaje jina, kitabu na ukurasa. Mkihitaji sura nzima, mwandikieni. Vitabu vinavyohusu milima hii vimeandikwa na watu wengi wanaoishi katika mji huu huu, na mara nyingi jibu ni ndiyo. Wekeni nakala moja maktabani ambako hata asiye na dola ataikuta.

Nanyi wakuu wa vyuo vya Bukavu, anzeni na jambo dogo lisilo na gharama: kila silabusi ipite maktaba kabla haijafika Nguba, na mkutubi aulize vitabu vilivyotumika ni vipi na vimetajwa ukurasa gani. Mwalimu aliyeandika ya kwake hatachelewa hata siku moja.